Marejeleo ya makala ya jarida: Zotero, Mendeley, EndNote au mkono wako?

Kuanzia kampasi ya Chiromo hadi ya Kahawa, Nairobi, mwanafunzi wa uzamifu anayetaka kuchapisha makala kabla ya kufuzu huuliza swali lilelile: nitumie mtindo gani wa marejeleo, APA au Vancouver? Mara nyingi jibu si lake kulitoa. Mtindo ni wa jarida. Maelekezo kwa waandishi yatakuambia unachotakiwa kufanya, na mhariri hapatani bei. Kinachobaki mikononi mwako ni njia ya kuufikia mtindo huo: uandike kwa mkono au utumie programu ya kupanga marejeleo, na kama ni programu, ipi kati ya Zotero, Mendeley na EndNote.

Uamuzi huo una uzito kwa sababu makala ikikataliwa na jarida la kwanza huenda la pili, na la pili lina mtindo wake. Aliyeandika marejeleo sitini kwa mkono huyaandika upya yote sitini. Mwenye programu hubadilisha mtindo, akaipitia orodha kwa jicho, akatuma. Hata hivyo mitindo yenyewe hailingani katika kudai programu, kwa hiyo nitaanza nayo.

Makala moja, sura tatu

Tuchukue makala halisi, ya Snow na wenzake kuhusu mtawanyiko wa malaria duniani, iliyotoka katika jarida la Nature mwaka wa 2005. Waandishi ni watano, idadi inayotosha kuonyesha mitindo inapoachana.

Vancouver:
Snow RW, Guerra CA, Noor AM, Myint HY, Hay SI. The global distribution of clinical episodes of Plasmodium falciparum malaria. Nature. 2005;434(7030):214-7.

APA, toleo la 7:
Snow, R. W., Guerra, C. A., Noor, A. M., Myint, H. Y., & Hay, S. I. (2005). The global distribution of clinical episodes of *Plasmodium falciparum* malaria. *Nature*, *434*(7030), 214–217. https://doi.org/10.1038/nature03342

Chicago, orodha ya bibliografia:
Snow, Robert W., Carlos A. Guerra, Abdisalan M. Noor, Hla Y. Myint, and Simon I. Hay. "The Global Distribution of Clinical Episodes of *Plasmodium falciparum* Malaria." *Nature* 434, no. 7030 (2005): 214–17.

Vancouver imebana kila kitu. Herufi za mwanzo za majina hazina nukta wala nafasi, na kurasa za 214 hadi 217 zimekuwa 214-7. Jina la jarida hufupishwa kama linavyofupishwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani: Nature ni neno moja na linabaki lilivyo, lakini East African Medical Journal huwa East Afr Med J, na ukijibunia ufupisho wako utarudishiwa. APA inaleta mwaka mbele, inaacha kichwa cha makala katika herufi ndogo isipokuwa mwanzoni na kwenye majina maalumu, na inataka DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni, iandikwe kama kiungo kamili. Chicago inataka majina kama yalivyochapishwa kwenye chanzo, na mara nyingi hayo ni majina kamili. Hapo ndipo wengi huponzwa: umekusanya herufi za mwanzo tu, jarida linataka Chicago, sasa unaanza kutafuta R. W. ni nani.

Ndani ya matini, Vancouver huweka nambari, APA huweka (Snow et al., 2005), "et al." ikiwa na maana ya "na wenzake", na Chicago ya tanbihi huweka kinambari juu ya mstari na maelezo chini ya ukurasa.

Mtindo unaokudai programu na usiokudai

Vancouver ulitokana na mkutano wa wahariri wa majarida ya tiba uliofanyika Vancouver, Kanada, mwaka wa 1978. Nambari hufuata mpangilio wa kutajwa: chanzo cha kwanza ni 1, na kikirudi ukurasa wa kumi bado ni 1. Sasa mhakiki akikwambia uongeze aya moja kwenye utangulizi, yenye chanzo kipya baada ya nambari 4, basi 5 inakuwa 6, 6 inakuwa 7, hivyo hivyo hadi mwisho, kwenye matini na kwenye orodha. Kufanya hivyo kwa mkono ni kualika makosa utakayoyaona makala ikishachapishwa. Ukiandikia jarida la tiba, au la uhandisi linalotumia IEEE ambayo nayo ni ya nambari, usijishauri mara mbili. Tumia programu.

APA inauvumilia mkono kidogo, kwa kuwa chanzo kipya huingia tu mahali pake kialfabeti. Shida yake ni matoleo. Toleo la 7 lilitoka Oktoba 2019, na bado utakutana na msimamizi anayesahihisha kwa kanuni za toleo la 6, la 2009. Tofauti si ndogo. Kwa toleo la 6, makala yetu ya malaria ingetajwa mara ya kwanza kwa majina yote matano, kisha "et al." baadaye, kwa toleo la 7 ni "et al." tangu mwanzo, maana waandishi wakifika watatu wanatosha. Toleo la 7 pia limeondoa jiji la mchapishaji, kwa hiyo ule mtindo wa "Nairobi:" kabla ya jina la kampuni umekwisha. Angalia jarida linataka toleo gani kabla ya kubishana na msimamizi. Na usiitegemee sehemu ya marejeleo iliyomo ndani ya Word: APA yake kwa miaka mingi ilibaki ya toleo la 6, na mitindo mingine iliyomo imezeeka vilevile.

Chicago ni mitindo miwili ndani ya kitabu kimoja: wa tanbihi, na wa mwandishi na mwaka. Toleo la 18 lilitoka 2024. Anayefanya historia na kushinda Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue ataupenda ule wa tanbihi, na kwa haki kabisa. Barua ya mkuu wa wilaya iliyomo ndani ya faili la ukoloni haina "mwandishi na mwaka" kwa maana ya APA. Ina nani kamwandikia nani, tarehe, kisha KNA (ufupisho wa Kenya National Archives) na nambari ya faili. Kwenye tanbihi mambo hayo yanakaa vizuri, pamoja na neno moja la kueleza ukurasa ulioraruka. Word hupanga nambari za tanbihi yenyewe, kwa hiyo kama robo tatu ya vyanzo vyako ni mafaili ya nyaraka, mkono si njia mbaya. Programu huyaita yote hayo "hati" na utaishia kuyarekebisha moja moja.

Harvard sina mengi ya kuisema, maana haina mwenyewe. Ni familia ya mitindo ya mwandishi na mwaka isiyo na kitabu kimoja cha kanuni, na Harvard ya chuo hiki si ya chuo kile. Jarida likikuandikia "tumia Harvard" tu, fungua toleo lake la karibuni, chukua makala moja, uige nukta kwa nukta.

Programu tatu bega kwa bega

| | Zotero | Mendeley | EndNote |
|---|---|---|---|
| Bei | Bure | Bure | Ya kulipia, mamia ya dola |
| Mmiliki | Mradi huria usio wa faida | Elsevier | Clarivate |
| Nafasi ya bure ya mafaili mtandaoni | MB 300 | GB 2 | Hutegemea leseni |
| Inaandikia wapi | Word, LibreOffice, Google Docs | Word | Hasa Word |

Ukitazama jedwali hilo kwa haraka utasema Mendeley imeishinda Zotero kwa nafasi. Si kweli kama inavyoonekana. Zile MB 300 ni za PDF ulizoambatisha tu. Taarifa zenyewe za marejeleo, yaani majina, miaka, juzuu na DOI, husawazishwa bila kikomo. Tena ukiwa unatumia bando la simu, PDF ndizo zinazolimaliza. Zima usawazishaji wa mafaili, acha wa taarifa, uzibebe PDF zako kwenye flashi au diski.

Zotero ilianza 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Kinachoniweka upande wake si bei, kwa kuwa Mendeley nayo ni bure. Ni kwamba taarifa zako unaziona, unazishika na kuzihamisha utakavyo. Mendeley ilinunuliwa na Elsevier mwaka wa 2013, na mwaka wa 2018 hifadhidata yake iliyomo ndani ya kompyuta yako ikafungwa kwa usimbaji, hivyo programu nyingine haziwezi kuisoma moja kwa moja. Mwaka wa 2021 programu zake za simu zikaondolewa, na Septemba 2022 ile Mendeley Desktop ya zamani ikaacha kupakuliwa, ikabaki Mendeley Reference Manager ambayo huandika kupitia Word tu. Mwenye LibreOffice kwenye laptopu ya kazini alibaki njiani. Kama umekwisha kuweka marejeleo yako mia nne ndani ya Mendeley na unatumia Word mpya, hakuna haja ya kuhama leo. Kama unaanza, anza na Zotero.

EndNote ni programu nzito na nzuri, hasa kwa orodha za maelfu ya vyanzo. Lakini kwa mtu anayelipa kutoka mfukoni, sioni sababu. Itumie pale ambapo maabara au mradi umeshailipia, na wenzako wote wanaitumia. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo ya maana kuliko sifa zote za programu hizi: ndani ya faili moja la Word, marejeleo ya Zotero na ya EndNote hayasomani. Profesa akiwa na EndNote na wewe una Zotero, mmoja wenu akigusa faili la mwenzake kwa programu yake mtapata orodha mbili na vurugu. Kubalianeni programu moja kabla ya rasimu ya kwanza, au mteueni mtu mmoja wa kushika marejeleo, wengine waandike DOI tu kwenye mabano. Kwa kikundi, Zotero hukuruhusu kuwa na maktaba ya pamoja yenye wanachama wowote wale bila malipo.

Wanahisabati na wanafizikia wanaoandika kwa LaTeX, mfumo wa kupanga matini, wana BibTeX, chombo chake cha marejeleo, tangu 1985 na hawahitaji ushauri wangu. Zotero inaweza kuwatolea faili la BibTeX, yatosha.

Mambo ya hapa kwetu yanayoivuruga programu

Hapa ndipo pa kukaa, maana miongozo ya ughaibuni haitakuambia.

La kwanza ni taasisi kama mwandishi. Karibu kila makala ya sayansi ya jamii inayoandikwa Nairobi inaitaja ripoti ya sensa ya 2019 ya Kenya National Bureau of Statistics. Ukiingiza jina hilo kwenye visanduku viwili vya jina la ukoo na jina la kwanza, Zotero itadhani ni binadamu, na orodha yako ya APA itatoka na kitu kama "Statistics, K. N. B. of (2019)". Nimeliona jambo hili kwenye miswada iliyokwisha pita kwa wasimamizi wawili. Pembeni mwa jina kwenye Zotero kuna kitufe kidogo cha kugeuza visanduku viwili kuwa kimoja. Kibonyeze, andika jina zima, na litabaki zima. Fanya vivyo hivyo kwa wizara, kaunti, Benki Kuu na mashirika yote.

La pili ni majina yetu. Ngũgĩ wa Thiong'o akiingizwa kivivu hutoka kama "Thiong'o, N. wa" au "wa Thiong'o, N.", na kialfabeti anapelekwa kwenye T au W. Maktaba ya Bunge la Marekani humweka chini ya Ngũgĩ, na ndivyo wanavyofanya wengi wa wanaofundisha fasihi ya Afrika, kwa kuwa Thiong'o si jina la ukoo kwa maana ya Kizungu. Dawa ni ileile: kisanduku kimoja, jina zima. Kagua pia kama zile alama za ũ na ĩ zimesalimika. Ukipitisha faili la RIS, yaani faili la kuhamishia marejeleo, kutoka programu moja hadi nyingine bila usimbaji wa UTF-8, hugeuka viroja.

La tatu ni vyanzo visivyo na DOI. Njia nyepesi ya kuingiza chanzo kwenye Zotero ni kubonyeza kile kijiti cha uchawi, kubandika DOI, na taarifa zote zije. Lakini makala nyingi za zamani za majarida ya hapa hazina DOI. Mengi ya majarida hayo yako kwenye AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika iliyoanza 1998, na unaweza kuchukua taarifa kutoka hapo. Zilinganishe na PDF yenyewe. Utakuta juzuu imewekwa mahali pa toleo, au jina la mwandishi wa pili limemezwa.

La nne ni herufi kubwa. Zotero inaweza kugeuza kichwa cha herufi ndogo kiwe cha herufi kubwa pale Chicago inapotaka, lakini haiwezi kufanya kinyume chake kwa uhakika, kwa sababu haijui Nairobi ni jina maalumu na Distribution si jina maalumu. Kwa hiyo hifadhi vichwa vyote kwa herufi ndogo tangu siku ya kuviingiza. Bofya kichwa kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Sentence case", halafu rudisha mwenyewe herufi kubwa ya Kenya, Turkana na Plasmodium.

Njia za mkato

Kitufe cha kunukuu cha Google Scholar hukupa MLA, APA, Chicago, Harvard na Vancouver papo hapo. Kwa insha ya darasani kinatosha. Kwa jarida hakitoshi: APA yake haileti DOI, na makosa ya chanzo huja nayo mazima.

Zipo saiba mjini zinazopanga marejeleo kwa malipo, na wahudumu wake wengine ni mafundi kweli wa Word. Watakunyooshea nafasi, mlazo na mistari inayoning'inia. Hawatajua kwamba mwaka ulioandika ni 2009 ilhali makala ni ya 2006, na si kazi yao kujua. Ukiwalipa, dai upewe pia faili la maktaba ya Zotero, si Word pekee. La sivyo utalipa tena makala ikienda jarida la pili.

Kuhusu ChatGPT na wenzake: kuvipa orodha yako vikaibadilishe kutoka Vancouver kwenda APA ni jambo linalowezekana, mradi uikague mstari kwa mstari. Kuviomba vikutafutie vyanzo ni jambo jingine. Hubuni makala ambazo hazijawahi kuandikwa, zikiwa na waandishi wa kweli na DOI inayofanana na ya kweli. Bandika kila DOI kwenye doi.org, isiyofunguka, au inayofungua makala nyingine, itoe.

Kabla hujatoa jasho

Soma maelekezo ya jarida kama yanakuruhusu kutuma kwa mtindo wowote. Majarida mengi ya Elsevier, na mengi ya Taylor & Francis, hupokea muswada wa kwanza ukiwa na mtindo wowote wa marejeleo ilimradi ni mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho; mtindo wao hudaiwa baadaye, makala ikielekea kukubaliwa. Majarida mengi ya hapa bado hurudisha muswada siku ya kwanza kwa sababu ya marejeleo. Kwa hayo, panga kabla ya kutuma.

Mtindo wa jarida lako ukikosekana kwenye orodha fupi ya Zotero, tafuta kwenye hazina yake ya mitindo, ambayo ina zaidi ya elfu kumi. Usipoupata, chagua wa jarida jirani unaofanana nao na umalizie tofauti kwa mkono.

Siku ya kutuma, hifadhi faili mara mbili. Moja liache lilivyo, likiwa bado limeunganishwa na programu. Hilo ndilo utakalolifungua wahakiki wakirudisha maoni. Kwenye la pili bonyeza "Unlink Citations" ili marejeleo yawe maandishi ya kawaida, ndipo ufanye marekebisho ya mkono. Ukiandikia jarida la Kiswahili, hapo ndipo pa kugeuza "et al." kuwa "na wenzake", "pp." kuwa "uk." na "ed." kuwa "mh.", ukiyafanya kabla ya kukata viungo hivyo, programu ikijisasisha itakurudishia Kiingereza chote.